Betri Haifi, Inalala

Sifa zote ni za Mungu Baba, aliyeliwasha jua bila waya na kuupeleka upepo bila kuusukuma. Aliyenipa macho ya kuona mengi na subira ya kuyatazama hadi mwisho wake. Namshukuru kwa miaka aliyonijalia ya kufundisha katekisimu hapa Suna, mjini Migori. Namshukuru pia kwa majirani alionipa, waliokuwa faraja kwangu na waliokuwa zoezi la uvumilivu. Huyu ninayetaka kumweleza alikuwa wa fungu la pili.

Tulimwita Injinia. Jina lake la ubatizo nililijua, maana mimi ndiye niliyemfundisha sala kabla ya kipaimara, lakini yeye alikuwa amelistaafisha. Ungesimama mlangoni pake ukaliita mpaka koo likauke, naye ameinamia nyaya zake kama kiziwi. Ukisema "Injinia" aligeuka papo hapo, uso ukimng'aa. Alidai alisomea Kisumu. Ukimwuliza chuo gani, chuo kilifungwa. Ukimwuliza kilifungwa mwaka gani, ni mwaka uleule aliomaliza yeye. Watu wa sokoni walisema basi huenda ni yeye aliyekifunga.

Alivaa koti la kijivu, kama la wenye maduka ya dawa, na mfukoni alichomeka kalamu ambazo sikuwahi kuziona zikiandika. Chini ya koti suruali ilikuwa imetobolewa na asidi, tundu juu ya tundu, hata akisimama kwenye mwanga ungedhani amevaa chujio la chai. Mke wake aliacha kuishona mapema. Alisema hawezi kushona kitu ambacho mwenyewe anakimwagilia.

Kazi yake halisi ilikuwa kuchaji betri za gari. Kwa wasioijua miaka ile ya tisini, nieleze. Nguzo za stima zilifika mjini zikachoka hapo. Huko nje, kuanzia Nyatike mpaka kwa Wakuria, mwenye televisheni aliiwasha kwa betri ya gari, na moto ulipokwisha aliifunga betri kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli akaileta Suna ijazwe. Injinia alikuwa na kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa kanisa letu, na ndani yake betri zilipangwa sakafuni kama wagonjwa wa zahanati. Hiyo ni kazi nzuri, ya heshima. Mtu mwenye akili timamu angeifanya, akashukuru, akalala. Lakini Injinia aliiona kama kazi ya kuwakamulia wengine ng'ombe. Yeye alitaka kutengeneza baiskeli ya umeme.

Sikatai mtu kuwa na ndoto. Ninachokataa ni mtu kuota kwa betri za wengine. Maana hivyo ndivyo ilivyokuwa: mteja ameacha betri yake asubuhi, anakwenda sokoni akingoja; Injinia anaichaji hadi mchana, kisha anaifunga kwenye baiskeli yake na kwenda kujionyesha. Jioni mteja anarudi, anapewa betri iliyokwisha kukimbizwa mji mzima. Na ili asishuku, Injinia anachukua kipande cha waya, anagusanisha ncha mbili za betri, na cheche kubwa inaruka, paa!

"Umeona?" anauliza. "Huyo ni simba. Mpeleke polepole asikuume."

Mteja anacheka, anaridhika, anakwenda zake hadi karibu na mpaka wa Tanzania. Huko anawasha televisheni, taarifa ya habari inaanza, na kabla msomaji hajamaliza kutaja jina lake picha inajikunja na kuwa doa.

Akirudi kulalamika, Injinia hakuwahi kusema betri imekufa. Neno hilo hakulitumia kamwe. "Betri haifi," alisema, "inalala." Ndiyo iliyokuwa imani yake, na aliishika kwa uthabiti ambao nilitamani angeuonyesha katika Kanuni ya Imani, aliyokuwa akiikosea kila Jumapili mahali palepale. Betri iliyolala, alisema, haihitaji kulaumiwa, inahitaji kupumzishwa na kuota jua.

Jua! Sisi sote tumewahi kuanika mawe ya redio juani. Mama yangu aliyaanika juu ya bati pamoja na omena, dagaa wa ziwani, na kweli jioni redio iliongea kidogo, kwa sauti ya mtu anayeumwa. Injinia aliichukua elimu hiyo ya mama zetu akaipandisha cheo. Asubuhi alizitoa betri za gari nje na kuzipanga juu ya benchi, zote zimeelekea mashariki, zikiota jua kama mijusi. Maji yalikauka ndani yake, vibati vikabaki vikavu, naye alipita akizipapasa na kuziuliza hali. Wateja walipoona hivyo hawakushtuka. Walisema huyu anajua, maana hata kwetu hufanywa hivyo.

Niliwahi kumwonya. Nilipokuwa Asumbi nikifunzwa ukatekista, nilikabidhiwa betri za taa na kipaza sauti cha misheni, kwa hiyo nilijua kidogo. Betri ya gari imeumbwa kutoa teke moja kubwa asubuhi ili injini iamke. Baada ya hapo injini yenyewe huirudishia moto wake njia nzima. Ukiifunga kwenye baiskeli na kuitaka ivute mtu na vyuma kutwa, umempa mpiga teke kazi ya punda. Itavuta kwa hasira kidogo, kisha itainamisha kichwa. Na kila unapoikamua hadi tone la mwisho unaivunja tumbo, kesho itashika moto mchache kuliko leo. Ina hila moja tu: ukiiacha ikae, moto kidogo hujikusanya tena, kama kisima kilichokombwa kinavyotoa vikombe viwili vya maji. Ukiipima bila mzigo utaapa imejaa. Ipe mzigo, inaanguka.

Alinisikiliza akiwa amefumba macho, kama mtu anayemhurumia padri mgeni. Kisha akasema, "Katekista, wewe shughulikia roho. Volti niachie mimi."

"Roho nazo huwa zinalala?" nilimwuliza.

"Za wakatoliki, ndiyo. Hasa wakati wa mahubiri yako."

Hapo nilimwacha. Kiburi cha mtu ni shamba lake mwenyewe, atalivuna.

Baiskeli yake ya kwanza aliifunga stata ya gari bovu la kubebea miwa. Ilipowashwa iliruka mara moja kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ikamwacha Injinia amekaa barabarani na nyaya zikitoa moshi. Alisema nguvu zimezidi. Ya pili aliifunga mota ya kufutia kioo cha gari. Hiyo ilikwenda kama mzee anayetafuta miwani yake, kuku waliipita. Alisema nguvu zimepungua. Ya tatu aliifunga dainamo ya trekta kuukuu, chuma kizito kama mtoto wa ng'ombe, na hiyo, nakiri, ilikwenda. Ilikwenda kwa sababu kila jaribio lilianzia juu sokoni na kuteremka kuelekea daraja la mto. Injinia alipita amekaa wima, koti likipepea nyuma, miguu imenyooshwa mbele ili watu waone kwamba hakanyagi pedali. Kina mama wa mboga walipiga vigelegele. Nilimwona akienda hivyo mara nyingi. Kurudi kwa umeme sikuwahi kumwona. Alirudi kupitia vichochoro vya nyuma ya mnada wa ng'ombe, akiikokota, na ukimkuta huko alisema anaipoza.

"Usiulize itafika wapi," alipenda kusema. "Uliza inaanza vipi." Na msemo wake mwingine ulikuwa, "Mlima ni fikra."

Waliomjibu vizuri zaidi walikuwa vijana wa boda, wale wa kubeba abiria kwa baiskeli. Mmoja wao alimpita mlimani, ana mama mnene nyuma na kuku wawili kwenye usukani, akageuka kumwangalia. "Injinia! Mimi natumia betri ya ugali na omena! Inachajiwa mara moja, inafika Sori kule ziwani! Nikufunge kamba nikuvute, omera, ndugu yangu?"

"Wewe utakufa na kifua," alijibu Injinia, akihema kwa kukokota.

Ni haki niseme na mazuri yake, maana Mungu hakumwumba mtu wa upande mmoja. Kwenye matanga hakuwahi kukosa. Palipokuwa na msiba alileta betri za kipaza sauti bila kuombwa, akakaa na wafiwa hadi mwisho, akabeba viti, akachimba kaburi kwa mikono yake. Lakini betri hizo alizileta kwa kuziendesha kwenye baiskeli yake, kwa hiyo zilifika zimekwisha kutembezwa. Nakumbuka mazishi fulani upande wa Nyatike. Mjomba wa marehemu ameshika kipaza sauti, ndiyo kwanza anaanza kuhesabu jamaa waliokosana na wale waliomtelekeza marehemu, na sauti ikakatika. Injinia akainama juu ya betri, akainuka na kutangaza mbele ya watu wote, "Imelala tu."

Bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka karibu na jeneza akamtazama. Kwetu, anayekufa tunamwambia nind gi kwe, lala kwa amani. "Imelala kama huyu?" akauliza. "Basi tuzike vyote viwili."

Watu walicheka msibani, jambo ambalo si dogo. Na wengi walinong'ona kwamba kwa mara ya kwanza hotuba zilikuwa fupi. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, na Injinia akadhani ninamshukuru yeye.

Mambo hayo yote ningeyasamehe na kuyacheka, kama asingemgusa Mshonaji.

Mshonaji alikuwa mwanamke aliyepooza miguu tangu utotoni kwa polio. Aliishi ng'ambo ya daraja, na cherehani yake ilikaa juu mjini, kwenye baraza ya duka la nguo la Mwarabu mmoja mwungwana aliyempa nafasi hiyo mradi tu awepo duka linapofunguliwa, ili mwenye kununua kitambaa apate wa kumshonea papo hapo. Kila asubuhi alipanda kilima kile kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Nilimfahamu kwa sababu alishona majoho ya wanakwaya wetu, na kwa sababu ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Ilifika wakati mabega yakaanza kumkataa. Alipanda akisimama kila baada ya maduka machache, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, anapumua, anaendelea. Mwenye duka alianza kufungua kabla hajafika. Alimwonya mara ya kwanza kwa upole, na mara ya pili kwa upole mdogo. Bila baraza ile hakuwa na mahali pa kukaa, na bila mahali hakuwa na kazi.

Jumapili moja baada ya misa alinifuata nje. "Japuonj," aliniambia, ndivyo wanavyomwita mwalimu kwa Kijaluo, "niombee mabega. Mengine nitafanya mwenyewe."

Injinia alikuwa amesimama pale. Akaruka kama aliyeitwa.

"Mabega ya nini, mama? Niletee hiyo baiskeli. Nitakuwekea dainamo. Utapanda ukiwa umekunja mikono kama malkia!"

"Itapanda?" Mshonaji akauliza. "Maana kushuka hata mimi najua kushuka."

"Betri mbili! Zote kali. Mlima ni fikra."

"Basi mimi nimefikiria huo mlima tangu nikiwa msichana," Mshonaji alisema, lakini nilimwona machoni. Alikuwa ameanza kuamini. Mtu anayeumwa mabega humwamini yeyote anayeyataja.

Akampa baiskeli. Kwa muda ambao ilikuwa kibandani, kijana wa boda alimbeba kila asubuhi kwenye kiti cha nyuma, amefungwa kwa leso asianguke, na hilo lilimkera kuliko maumivu. Nilipita nikaona kazi inavyoendelea: betri mbili chini ya kiti, dainamo ya trekta nyuma, mnyororo mpya. Nikaona pia kitu kingine. Mikono ya kuzungushia haipo.

"Mikono yake iko wapi?" niliuliza.

"Nimeikata," alisema Injinia bila kuinua kichwa. "Usukani nimemwachia kijifimbo pembeni. Chuma cha ile mikono ni kizuri. Nimekitumia kushikilia betri."

"Na umeme ukikwisha?"

Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Mwenye umeme anazungusha mikono ya nini? Ukimwekea mikono, ni kama unamwambia asiniamini."

Ndilo kosa lake lote, ndugu msomaji, katika sentensi moja. Aliona ni heri kumwacha mlemavu bila njia ya kurudi kuliko kukubali mbele za watu kwamba betri huisha.

Siku ya kuizindua, alikusanya mji. Alianza kwenye tambarare karibu na daraja, na kwenye tambarare ilikwenda vizuri sana. Mshonaji alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alizunguka mara moja, mkono mmoja kwenye kijifimbo cha usukani, mwingine ameukunja kama alivyoambiwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesamehewa jambo. Vigelegele vilipanda. Injinia alikimbia pembeni akipiga makofi, "Malkia! Malkia anapita!" Kisha Mshonaji akaelekeza gurudumu la mbele mlimani.

Mwanzo ilipanda. Ilipita duka la kwanza la mbolea, ikapita kinyozi. Kisha sauti ya dainamo ikashuka kidogo, kama mwimbaji aliyeanza wimbo juu mno. Ikashuka tena. Gurudumu lilijivuta, likajivuta, likasimama. Ilitulia hapo mlimani kwa kitambo, imezidiwa uzito na betri zilezile zilizotakiwa kuibeba, halafu ikaanza kurudi nyuma.

Mshonaji alishika breki, na breki ilikuwa ya baiskeli tupu, si ya chuma chote kile. Alinyoosha mikono mbele kutafuta pa kuzungusha. Hapakuwa na kitu. Niliiona mikono yake ikishika hewa, na hiyo ndiyo picha ambayo sijafanikiwa kuisahau. Vijana wa boda walitupa baiskeli zao chini na kuikinga kwa miili yao. Iligeuka ubavu ikaingia mtaroni, karibu na wauza miwa, naye akaanguka juu ya rundo la maganda. Alichubuka kiwiko. Kwa rehema ya Mungu hakuumia zaidi.

Injinia alifika akihema. Hakumtazama yeye kwanza. Alitazama betri.

"Haijafa," alisema. "Imelala. Tuipumzishe kidogo."

Waliitoa baiskeli mtaroni, wakamrudisha Mshonaji kitini, wakaingoja betri. Injinia alikaa pembeni akijipepea. Kisha akainuka, akachukua waya, akagusanisha ncha. Paa! Cheche kubwa, ya kutisha watoto.

"Mnaona? Mnaona moto huo? Panda, mama, panda!"

Mshonaji alikuwa anatoa maganda ya miwa kwenye nywele. "Injinia," akasema polepole, watu wote wakisikia, "mimi sipandi cheche. Mimi napanda mlima."

Walijaribu tena, huku vijana wakishika nyuma. Ilikwenda mbele kidogo ikasimama, karibu zaidi kuliko mara ya kwanza. Wakapumzisha. Cheche, paa! Ikasimama karibu zaidi. Yule bwana wa betri ya ugali akapaza sauti, "Mwache alale na yeye! Mleteeni blanketi!" Na Injinia, akilini mwake, alikuwa bado anashinda. Alikuwa anawaeleza watu kwamba tatizo ni mkao wa abiria.

Siku hiyo vijana walimsukuma Mshonaji hadi barazani. Kesho yake hakuna aliyemsukuma, wala siku iliyofuata, maana kila mtu ana kazi yake. Aliomba arudishiwe mikono ya baiskeli, akaonyeshwa vipande. Mwenye duka alingoja, kwa haki alingoja zaidi ya ilivyompasa, kisha nafasi ya barazani ikachukuliwa na fundi viatu. Mshonaji alipakia cherehani kwenye lori la samaki na hiyo baiskeli yake nzito isiyokwenda, akahamia kwa dada yake Homa Bay. Alipokuja kuniaga hakulia. Alisema tu, "Nilikuomba uniombee mabega, Japuonj. Kwa mabega yale mabovu na ile mikono ya baiskeli, ningebaki na kazi."

Injinia naye hakukaa. Wateja wa betri walikuwa wamemwona siku ile mlimani, na mmoja wao, mzee kutoka mpakani, alikuwa ameitambua betri yake chini ya kiti cha Mshonaji, yenye alama yake ya rangi nyekundu ubavuni. Wengine wakaanza kutafuta zao. Asubuhi moja benchi ilikuwa tupu, hakuna betri ya kuota jua. Mke wake alibaki, akageuza kibanda kuwa mahali pa kuuza chapati, na nadhani hiyo ndiyo siku kibanda kile kilipoanza kushibisha watu.

Miaka ilipita. Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini nilitumwa Homa Bay kwa mkutano wa makatekista. Asubuhi nilishuka kwenda ziwani kununua samaki wa kurudi nao, na nilipokuwa nikipanda tena kuelekea mjini, nikaona mbele yangu baiskeli ya magurudumu matatu ikipanda kilima. Mbele ilikuwa na mikono mipya ya kuzungushia, imechomelewa vizuri. Nyuma, mahali pa dainamo, palikuwa na cherehani imefungwa kwa kamba. Na nyuma ya cherehani mtu wa koti la kijivu, ameinama, kichwa chini, anasukuma.

Niliharakisha nikawafikia.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilisema.

"Milele na milele, amina," alijibu Mshonaji, na alipogeuka na kuniona alicheka kwa sauti. "Japuonj! Umezeeka!"

Injinia aliinua uso. Alikuwa amekonda, jasho linamdondoka kwenye ncha ya pua. Kalamu zilikuwa bado mfukoni.

"Katekista," alisema akihema, "usidhani hii ni kazi ya kudumu. Hii ni majaribio. Napima kilima kinahitaji nguvu kiasi gani, ili nikipata betri inayofaa..."

"Sukuma," alisema Mshonaji.

Akasukuma. Nilitembea pembeni. Alinieleza, kati ya kuhema na kuhema, kwamba betri za siku hizi si kama zile, kwamba yuko mtu Kisumu aliyemwahidi, kwamba kosa la Migori lilikuwa la barabara. Hakusema pole. Nilisubiri aiseme, nikapunguza mwendo ili apate nafasi, lakini haikuja. Mwuza maji mmoja alipotupita akauliza kwa dharau, "Mzee, wewe ndiye mota?" naye akajibu kwa majivuno yaleyale, "Mimi ndiye mfumo mzima."

Tulipofika juu, Mshonaji alifunga breki. Injinia alikwenda kutafuta maji ya kunywa kwenye kioski, nami nikainama nikamwuliza Mshonaji ilikuwaje.

"Siku moja nilikwama pale chini," alisema. "Kwenye tambarare mikono inatosha, lakini kilima hiki mabega yamekataa kabisa. Nimekaa, naangalia watu wanapita. Mara baiskeli inaanza kwenda. Sikugeuka. Nilimjua kwa harufu ya asidi. Nikamwambia, sukuma na unyamaze." Akakunja midomo. "Kusukuma ameweza. Anakuja kila asubuhi, hata mvua ikinyesha. Kunyamaza ndiyo bado."

"Umemsamehe?"

"Nani? Huyo?" Alimtazama kule kioski, alikokuwa amekwisha kumshika mwenye duka kwa mkono na kumweleza kitu, vidole vyake vikichora milima hewani. "Mimi nafika kazini, Japuonj. Hayo mengine utamwuliza Mungu."

Nikamwambia kwamba jioni hiyo tungekuwa na ibada, na kwamba nitawaombea wote wawili: yeye apate afya, na Injinia, kwa kuwa ndiyo haja ya moyo wake, apate hiyo betri anayoitafuta.

Mshonaji akanishika mkono wa shati, kwa nguvu ambayo sikuitegemea kutoka kwenye bega gonjwa.

"Omba yote unayotaka," alisema. "Lakini nakusihi, baba, usimwombee apate betri. Akiipata tu, ataniacha hapa katikati ya kilima."

Sijamwombea mpaka leo.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu Mwenyezi akulinde katika kupanda kwako na kushuka kwako. Akuepushe na wajuzi wanaokata mikono yako ili uamini yao. Na ukikwama, akuletee mtu wa kukusukuma, hata akiwa ni msemaji kupita kiasi, nawe akupe masikio ya kumvumilia. Amina.